Daftari la Banda, Masika 2023

Jumamosi, 4 Machi

Kishingo ameshika kulalia. Wenzake walipotoka asubuhi yeye alibaki kiotani, na nilipopeleka mkono akajitutumua mpaka akawa kama kuku wawili, akatoa ule mlio wa kooni ambao ukishausikia mara moja huusahau. Nikamwinua. Chini yake hapana kitu ila yai moja la chotara, tena la asubuhi hiyo hiyo. Tumboni amejinyonyoa, ngozi iko wazi, na inachoma kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Mzee kaniuliza kutoka barazani ninacheka na nani huko bandani. Nimemwambia mashine imewaka.

Lakini simwekei mayai bado. Nataka kuku watatu walalie siku moja, vifaranga watoke rika moja, kisha walelewe na mama mmoja na wale wengine warudi kutaga. Mayai ya kienyeji mtaani kwetu hapa Tanga ni shilingi 500 moja, na kuku anayelea vifaranga hatagi kwa miezi. Nimekuwa karani wa ghala la mkonge miaka 27, nikihesabu marobota yanayoingia na yanayotoka. Siwezi kufuga hata kuku bila safu mbili za daftari.

Jumapili, 5 Machi

Nimemshikisha Kishingo kwa mayai manne ya dukani, ya kuku wa kisasa waliofugwa bila jogoo. Hayana mbegu, hata akiyalalia mpaka Idd hayatoi kitu. Nimeyachora msalaba kwa penseli yasije yakachanganyika na mengine. Marehemu mama alikuwa akitumia mayai viza kwa kazi hii, na kuna mwaka moja lilipasuka mkononi mwake siku ya wageni.

Kishingo aliyatazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akayatazama kwa jicho la pili. Kisha akayavuta moja moja kwa mdomo, akayasukumia chini ya kifua. Basi, kaamini.

Machotara wangu watatu hawajawahi kulalia hata siku moja. Wana mayai makubwa na hawana habari nayo. Wanataga, wanatetea mpaka mtaa wote ujue, wanaondoka. Waliowazalisha walichagua vizazi kwa vizazi wale wasiosimama kutaga, maana kuku akilala kiotani kwao ni hasara, na hamu ya kulalia ikapotea humo humo. Kwa hiyo yai la chotara likitaka kuwa kuku, lazima limtafute Kishingo.

Jumanne, 7 Machi

Wifi kapiga simu kutoka Pangani. Kasikia nina kuku wa kulalia. Ana makuchi, jogoo lake limenyooka kama askari wa gwaride, na hana kuku hata mmoja anayetulia.

"Wifi, nakupa mayai 12. Vifaranga tugawane nusu kwa nusu."

"Na anayelala siku 21 ni kuku wa nani?"

"Wako. Ndiyo maana nakupa nusu."

Huyu hashindwi biashara. Nimemwambia asiniletee yai lililozidi wiki moja, asiyaoshe hata kama yana uchafu kidogo, na ayaweke ncha iliyochongoka ikitazama chini. Akajibu kwamba alifuga kuku kabla sijaolewa na kaka yake. Ni kweli.

Jumamosi, 11 Machi

Bukini naye. Huyu hana mkia, ukimwona kwa nyuma utadhani amekatwa na panga. Ana manyoya tele na roho mbaya: amenidonoa kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Nimefurahi. Kuku anayetetea kiota kitupu hivi, akipewa mayai atakuwaje?

Kishungi anakaa kiotani saa mbili tatu halafu anatoka kuzurura. Bado kidogo.

Jumatatu, 13 Machi

Mayai yamefika na basi la mchana, ndani ya ndoo iliyojaa pumba za mpunga. Wifi ametuma 13. Anaijua barabara yake: moja lina ufa, yamebaki 12 kamili. Nimeyaandika herufi P kila moja. Sijayaweka leo, yai lililotikiswa njia nzima linahitaji usiku mmoja wa kutulia, kile kifuko cha hewa kilicho upande wa butu kikae mahali pake.

Kishungi kalala kiotani tangu asubuhi. Kesho, inshallah.

Jumanne, 14 Machi

Saa mbili na nusu usiku. Mayai 30: kumi na mawili ya wifi, kumi na nane ya hapa nyumbani. Kishingo 11, Bukini 10, Kishungi 9. Tumefanya gizani mimi na mjukuu, yeye kashika tochi ya simu ameifunika kwa kidole, mimi napenyeza mayai chini ya vifua. Kuku gizani hana ubishi.

Kila kiota nimetia majivu chini, juu majani makavu ya mwarobaini, juu yake nyasi. Na kipande cha mkaa pembeni. Mjukuu kauliza mkaa wa nini. Mama alisema radi ikipiga mayai yanaharibika, mkaa unaikinga. Nikamwambia ni desturi ya mama yangu, usiniulize zaidi, shika tochi vizuri.

Mayai haya yalitagwa siku tofauti, mengine yana siku sita, mengine ni ya jana. Lakini kilichomo kinalala mpaka joto la mama likifike. Usiku wa leo ndipo yote yanaanza safari pamoja. Siku 21 kuanzia leo ni Jumanne, tarehe 4 Aprili. Itakuwa ndani ya mfungo.

Yale manne ya msalaba nimeyatupa. Kishingo alikuwa ameyalalia siku kumi, akiyageuza kila siku kama ya kweli. Nimetafuta mahali pa kuandika siku hizo kumi, si safu ya kuingia wala ya kutoka.

Jumatano, 15 Machi

Wote watatu wamelala. Manyunyu.

Jumamosi, 18 Machi

Leo nimekaa na kiti changu nje ya banda kumtazama Kishingo akitoka, kwa kuwa hutoka mara moja tu kwa siku na nikichelewa namkosa. Saa nne na dakika tano akashuka. Hakutembea, alikimbia mabawa yakiwa wazi, analia kokoko kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Kwanza akatoa kinyesi, kimoja, kikubwa kama andazi, harufu yake Mzee akainuka barazani kwenda ndani. Amekizuia siku nzima asichafue mayai. Kisha paraza, akidonoa bila kutazama. Maji mara saba, niliyahesabu. Halafu akaingia kwenye shimo la vumbi na majivu chini ya mpapai, akajirushia mpaka shingo ile isiyo na manyoya ikawa nyeupe. Chotara mmoja alimsogelea, akapigwa.

Dakika 17 jumla. Akarudi, akakanyaga mayai kwa kuyaonea haya, mguu mmoja mmoja huku amekunja vidole, akajishusha, akajitingisha kushoto na kulia mpaka kila yai likagusa ngozi. Mdomo ukaingia chini, yai la pembeni likavutwa katikati, la katikati likasukumwa pembeni. Mashine za kuangulia huwekwa kwenye nyuzi 37.5, na watu huamka usiku kutazama kipimajoto. Huyu kipimajoto chake ni tumbo.

Nimempima kwa mizani ya samaki ya Mzee: kilo 1.2. Mwezi wa pili, nilipotaka kumuuza, alikuwa kilo moja na nusu.

Jumatano, 22 Machi

Siku ya nane. Umeme umekatika tangu magharibi, na kwa kazi ya leo ndiyo neema. Tumepima mayai kwa tochi, tukitumia kile kibomba cha karatasi ya chooni: tochi huku, yai kule, chumba giza.

La kwanza likawaka lote kama balbu, kiini kinaelea, hakuna kingine. Halina mbegu. La pili mjukuu akashika pumzi. "Bibi, mna buibui." Doa jeusi katikati, mishipa myekundu imetoka pande zote, myembamba kuliko uzi wa cherehani. Tukatulia. Doa likaruka. Likaruka tena. Mtoto hakusema neno, akaninyang'anya yai alishike mwenyewe.

Manne hayana mbegu, matatu kati yake yana herufi P. Barabara au jogoo, wifi atachagua mwenyewe. Yamebaki 26: Kishingo 9, Bukini 9, Kishungi 8.

Ijumaa, 24 Machi

Ramadhani mosi. Bandani hakuna mabadiliko. Hao watatu walianza kufunga kabla yetu.

Jumapili, 26 Machi

Kosa, na ni langu.

Jioni baada ya kufuturu nilikwenda kufunga banda nikamkuta Kishungi juu ya ufito pamoja na machotara. Kiota kiko peke yake. Nikagusa mayai, baridi. Nikainua nyasi na tochi, mkono ukaanza kuniwasha kabla macho hayajaona: utitiri. Wametapakaa kwenye nyufa za kasha kama pilipili manga iliyosagwa, na wengine wamejaa damu, wekundu. Kasha lile ni la mbao za zamani lililokuwa jikoni. Majivu nilitia chini, lakini nyufa sikuzipaka kitu, wala sikulimwagia maji ya moto kama nilivyofanya yale mengine mawili. Nilichoka siku ile nikasema litatosha.

Nimemgombeza mjukuu kwa kuacha mlango wazi. Mlango hauhusiki.

Yai moja limevunjika. Saba nimeyapangusa kwa kitambaa kikavu, manne kwa Kishingo, matatu kwa Bukini. Kishingo sasa ana 13 na mwili wa kilo 1.2, ilibidi atandaze mabawa mpaka yaguse ukingo. Yalikuwa wazi tangu lini sijui. Tanga si Lushoto, hewa ya hapa ina joto lake, labda yatavumilia.

Kasha nimelichoma moto. Kishungi nimempaka majivu chini ya mabawa, hakushukuru.

Jumatano, 29 Machi

Kijana anayenunua kuku kwa baiskeli kapita, matenga mawili nyuma, Idd inakaribia na bei imepanda.

"Shikamoo mama. Leo unanipa nani?"

"Marahaba. Leo sina."

Akachungulia bandani, akamwona Kishingo ametoka kunywa. Akamwinua kwa mabawa kabla sijamkataza, akampapasa kifua. "Huyu mfupa mtupu mama. Elfu kumi kwa sababu ni wewe." Kisha akamwona Kishungi, mnono, manyoya yanang'aa. "Huyu ishirini na tano."

Nilikuwa na daftari mkononi, sikusema kitu.

Jumamosi, 1 Aprili

Harufu kwa Bukini. Nimetoa yai viza moja, zito, rangi ya kijivu kwenye ganda, nikalizika mbali kwa heshima zote. Yamebaki kwake 11. Jumla 24.

Leo ni siku ya 18. Kuanzia sasa sigusi tena. Kilichomo kimejipanga kichwa kikielekea kifuko cha hewa, na mama ameacha kugeuza.

Jumatatu, 3 Aprili

Niliamka kupika daku, saa kumi kasorobo. Kabla ya kuwasha jiko nikaenda bandani, sijui kwa nini, nilikuwa na mwiko mkononi. Nikainama karibu na Kishingo. Kwanza nilisikia mvua tu kwenye bati. Halafu, chini yake, sauti kama ya mlango wa kabati unaohitaji mafuta: pii. Kimya. Pii, pii. Na Kishingo akajibu, sauti ya chini sana ambayo sijawahi kuisikia kwake, si ile ya ukali. Kilichomo ndani kikajibu tena.

Ganda halijapata hata ufa. Wameshapasua utando wa ndani, wanavuta pumzi ya kwanza kutoka kile kifuko cha hewa, wanazungumza na mtu wasiyemwona.

Daku tulikula mkate na chai ya rangi. Uji uliungua.

Jumanne, 4 Aprili

Sikwenda sokoni. Sikufanya chochote.

Saa mbili asubuhi yai la ukingoni kwa Bukini lilikuwa na nyota: ganda limemeguka, vipande vimeinuka. Ncha ya mdomo inaonekana, na juu yake kile kijiwe cheupe cha kutobolea ambacho baada ya siku chache hudondoka. Hapo ndipo watu wengi tunaharibu, maana hupita saa nyingi bila kitu. Kimelala? Kimekufa? Kinapumzika, na damu iliyo kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinaingia tumboni. Hicho kiini ndicho chakula chake cha siku mbili za kwanza. Ndiyo sababu mama anaweza kukaa akiwangoja waliochelewa.

Saa nane mchana kikaanza kuzunguka, kinadonoa, kinajisogeza, kinadonoa, mpaka kofia ya ganda ikafunguka kama kopo. Kikatoka kimelowa, kibaya, shingo haiwezi kichwa. Bukini akakigusa kwa mdomo na mimi nikaziba macho. Hakukidonoa. Alikisukuma chini.

Kwa Kishingo kulikuwa na mmoja aliyetoboa tangu alfajiri na mpaka alasiri yuko vile vile. Mjukuu: "Bibi, tumsaidie." Nilimwambia hapana mara tatu. Mara ya nne nikachukua lile yai nikabandua ganda kidogo kwa ukucha, kipande kama punje ya mchele. Nikabandua kingine. Utando ukatoa damu, nyekundu kabisa, ikashuka kwenye kidole. Mishipa ilikuwa bado haijakauka. Nikalirudisha haraka. Magharibi nilipotazama alikuwa amekufa.

Mtoto nimemwambia alikuwa dhaifu.

Jumatano, 5 Aprili

Kishingo vifaranga 10 kutoka mayai 13. Bukini 8 kutoka 11. Jumla 18 kutoka mayai 30 niliyoyaweka. Kati ya yale saba yaliyopoa kwa Kishungi wametoka watatu, nilikuwa nimeyachora duara. Wa herufi P watano.

Sasa ugawaji. Mpango tangu mwanzo ni mama mmoja. Kishingo ana manyoya machache mwili mzima, si shingoni peke yake. Wakati wa kaskazi ni faida, hahemi kama wenzake. Lakini masika hii, vifaranga 18 chini ya mwavuli wenye matundu? Bukini ana manyoya ya kufunika godoro. Tena ni mkali, na kunguru wamejaa mwembe wa jirani.

Usiku nimewahamisha wote kwa Bukini. Kishingo nimemtoa nikamweka banda la machotara, apate kula, arudi kutaga mapema.

Hesabu ni sahihi. Nimeipitia mara mbili.

Alhamisi, 6 Aprili

Kishingo hakula. Asubuhi nzima alizunguka uwanja akiita, ile sauti ya daku. Anaita, anasimama, anageuza shingo, anasikiliza. Vifaranga wanalia kwenye tenga la Bukini na yeye anazunguka tenga. Bukini akamrukia akamchana undu. Akatoka damu, akasogea hatua tatu, akaita tena.

Mchana nilimkuta kwenye kiota kitupu, amejishusha juu ya majivu.

Mzee amekaa barazani na tasbihi yake, hakuwa ananiangalia. "Huyo kuku ameanza kulala lini?"

"Tarehe nne mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa punje za tasbihi mpaka Jumanne ile. "Siku thelathini na moja."

"Kumi za kwanza ni za mayai ya dukani."

"Yeye anajua hilo?"

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Saa tatu usiku, mvua inanyesha, nikatoa vifaranga saba chini ya Bukini, mmoja mmoja, nikawatia kwenye kanga kifuani. Ni siku ya pili tu tangu watoke, kwa hiyo nilikuwa na matumaini. Wakishazidi siku tatu nne mama huanza kuwakataa wasio wake. Kishingo alikuwa bado kwenye kiota. Nilipenyeza wa kwanza chini ya bawa. Akashtuka, mwili ukakaza. Nikangoja. Kifaranga akalia pii. Kishingo akaachia pumzi, sijui niseme nini kingine, mwili wote ulilegea, na bawa likainuka lenyewe.

Wengine sita sikuwapenyeza. Niliwaweka mbele yake wakaingia.

Ijumaa, 7 Aprili

Saba wazima. Kishingo amekula.

Mzee: "Si ulisema mmoja atatosha?" Sikumjibu, nimefunga.

Jumatano, 12 Aprili

Kunguru wamechukua vifaranga wawili kwa siku moja. Nilifungua tenga la Bukini wapate jua, nikaingia ndani kuchukua chenga za mchele. Mmoja wa wale weusi wenye shingo ya kijivu akashuka mbele ya Bukini, Bukini akamkimbilia, na mwenzake akaja kwa nyuma. Wanapangana! Nilitoka na ufagio nimechelewa. Adhuhuri wakarudia, vile vile. Mkali wangu ana hasira lakini hana hesabu, anamkimbiza yule anayemwona.

Watu wanasema ndege hawa waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wale takataka za mji. Takataka zipo, tena nyingi. Hawazitaki wakiona kifaranga.

Bukini amebaki na tisa. Tangu leo hakuna kutoka bila wavu juu.

Ijumaa, 14 Aprili

Simu ya wifi. Vifaranga wake watano, kunguru hakumgusa hata mmoja.

"Nusu ya watano ni wangapi, wifi?"

"Wawili na mguu."

"Mguu baki nao, nipe wawili, na yule wa tatu akiwa jogoo nitakuja kumwona."

Kumwona kwake nakujua.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua ya usiku imeingia upande wa Kishingo. Maji yalisimama kwenye kona, vifaranga sita nimewakuta juu ya mgongo wake na chini ya mabawa, wa saba kwenye dimbwi. Kisahani cha maji nilitia kokoto wasizame. Kona ya banda sikuifikiria. Mzee amechimba mfereji na jembe la mkono, kwa swaumu, bila kuniambia nilisemaje kuhusu mwavuli wenye matundu.

Jumla 15.

Jumamosi, 22 Aprili

Idd. Pilau ya jogoo wa chotara. Mjukuu aligoma kula mpaka nilipomwonyesha kwa vidole kwamba bandani wote wapo.

Jumamosi, 29 Aprili

Leo chanjo ya mdondo, ile ya I-2, tone moja kwenye jicho moja. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wangu na ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hiyo tumechangishana na majirani watatu, tukapita banda kwa banda. Kushika kifaranga, kufunua kope kwa kidole gumba, tone, kungoja apepese. Mjukuu anahesabu. Baada ya miezi mitatu tena.

Kisha nimefunga hesabu ya mwezi. Kishungi, aliyeacha mayai yake, ametaga 11 na anatetea kila asubuhi mpaka jirani kaniuliza ni kuku gani huyo mzuri. Bukini: mayai hakuna, vifaranga tisa. Kishingo: mayai hakuna, vifaranga sita, kilo 1.3.

Kijana wa baiskeli kapita tena. Kishungi kaondoka kwa ishirini na mbili, Idd ikishapita bei hushuka.

Jioni nilipokwenda kufunga, Kishingo alikuwa amepanda ufito kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Wale sita walibaki chini wakiruka, mabawa yao bado hayajawaweza, wanafika nusu wanaanguka. Alikaa juu kama dakika moja hivi, akatazama chini kwa jicho moja, akageuza kichwa akatazama kwa jicho la pili. Akashuka.

Nikafunga mlango.